Kutafuta Jino Lililojificha: Picha za Meno na Usalama wa Mfanya Kazi

(Hotuba hii ilisomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu wanaofanya kazi katika hospitali na zahanati. Wengi waliokuwa zamu siku ile waliomba wapate maneno yake, basi tumeyapiga chapa hapa pamoja na maswali yaliyoulizwa. — Mhariri)



Nimeombwa niseme machache juu ya picha za meno zinazopigwa kwa eksirei. Najua wako wanaojiuliza, "Mambo hayo yanahusu nini chama cha wafanya kazi? Si afadhali tuzungumze mshahara?" Mshahara tutauzungumza. Lakini mwili ndio unaoufuata mshahara kila asubuhi, na mwili ukiharibika hakuna nyongeza itakayoutengeneza. Tena kila mmoja wetu ana meno, na ipo siku atakaa katika kile kiti. Yafaa ajue anachofanyiwa.

Nitasema mambo matatu. La kwanza, kwa nini picha moja ya jino mara nyingine haitoshi. La pili, njia mbili ambazo watu wa kazi hii hutumia kujua jino au kitu kingine kiko upande gani ndani ya taya. La tatu, jinsi kazi hiyo inavyoweza kufanywa pasipo kuuza mkono wa mfanya kazi.

1. UPUNGUFU WA PICHA MOJA

Picha ya eksirei ni kivuli. Weka mkono wako mbele ya taa usiku, utaona kivuli chake ukutani. Sasa chukua shilingi uishike mbele ya kiganja, kisha ihamishe nyuma ya kiganja. Kivuli ni kile kile. Mtu anayetazama ukuta peke yake hawezi kukuambia kama shilingi iko mbele au nyuma.

Hivyo ndivyo ilivyo picha ndogo ya jino. Filamu ya kawaida ya mtu mzima ina upana wa milimita 31 na urefu wa milimita 41. Huwekwa ndani ya mdomo nyuma ya jino, na miale hutoka nje kupitia shavuni. Picha hiyo yaonyesha juu na chini, yaonyesha mbele na nyuma ya safu ya meno. Jambo moja haionyeshi: kina. Haisemi kama kitu kiko upande wa shavu au upande wa ulimi.

Kwa jino lililooza, au usaha kwenye ncha ya mzizi, picha moja mara nyingi yatosha. Lakini chukua chonge ya juu. Jino hilo hutoka mtoto akiwa na umri wa miaka 11 au 12 hivi. Kwa watu kama 2 katika kila 100 halitoki. Hukwama ndani ya mfupa. Laweza kukaa kimya miaka mingi, au laweza kula mzizi wa jino la jirani mpaka jirani alegee. Daktari akitaka kulitoa au kulivuta mahali pake hana budi kujua kwanza: apasue upande wa kaakaa au upande wa mdomo wa juu? Mara nyingi chonge iliyokwama huelekea kaakaani, lakini "mara nyingi" si jibu la kumpasulia mtu. Akipasua upande usiofaa, atashona na kupasua tena. Maumivu ni ya mgonjwa, na siku za kukosa kazi ni za mgonjwa. Kama ni kibarua wa kulipwa kwa siku, mnajua wenyewe maana yake nyumbani.

2. PICHA YA KUUMA

Njia ya kwanza wataalamu huiita picha ya okluzali. Mimi nitaiita picha ya kuuma, kwa sababu mgonjwa huiuma filamu.

Filamu yake ni kubwa, milimita 57 kwa 76. Hailazwi nyuma ya jino bali hulazwa bapa kati ya meno ya juu na ya chini, kama mtu anavyouma kipande cha mkate bila kukikata. Mgonjwa huuma polepole ili isisogee. Kisha kichwa cha mashine huelekezwa kutoka juu au kutoka chini.

Kwa taya la chini, mgonjwa huinamisha kichwa nyuma, na miale hupigwa kutoka chini ya kidevu ikienda wima kwenye filamu. Hapo taya huonekana kama kwato ya farasi, na meno huonekana kama mtu anayetazama vichwa vya watu kutoka ghorofani. Upande wa ulimi ni huu, upande wa shavu ni ule, hakuna kubahatisha. Ukiiweka picha hiyo pamoja na ile ndogo ya kawaida, umekitazama kitu kimoja kwa pande mbili zinazokutana kama pembe ya meza. Seremala hufanya hivyo hivyo: hapimi sanduku kwa upande mmoja.

Picha hii ina kazi nyingine. Yuko mtu ambaye kila akikaa kula huvimba chini ya taya na kupata maumivu, kisha uvimbe hushuka. Huenda ana kijiwe katika mfereji wa mate chini ya ulimi. Picha ya kuuma ya taya la chini huweza kukionyesha, ingawa si vijiwe vyote vinavyoonekana kwa eksirei. Yuko mtu aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi akavunjika taya. Picha ya ubavuni yaweza kuonyesha ufa mwembamba tu, lakini ya kuuma huonyesha kama kipande kimesukumwa ndani au nje. Yuko pia mtu asiyeweza kufunua mdomo sana kwa uvimbe, na yuko mtoto mdogo anayekataa filamu ya nyuma ya jino. Wote hao huweza kuuma.

Kwa taya la juu mambo ni tofauti kidogo. Miale haiwezi kwenda wima pasipo kupita katika kichwa chote, na hilo halifai. Kwa hiyo huelekezwa kwa mshazari kupitia daraja la pua, kwa pembe ya kadiri ya digrii 65. Picha hiyo yaonyesha eneo kubwa la meno ya mbele na kaakaa, lakini peke yake haimalizi neno la ndani au nje. Hapo ndipo tunapohitaji njia ya pili.

3. LILILO NDANI HUFUATA, LILILO NJE HURUDI

Njia ya pili ilielezwa katika karatasi iliyochapishwa London mwaka 1910 na C. A. Clark, na hata leo yatumika ulimwenguni kote. Haihitaji mashine mpya. Yahitaji picha mbili na akili.

Mnapokwenda Nakuru kwa basi kutoka Nairobi, tazameni nje mkiteremka Bonde la Ufa. Milingoti iliyo kando ya barabara yarudi nyuma mbio. Lakini mlima Longonot kule mbali waonekana kama unakwenda pamoja nanyi. Wala mlima haukwendi, wala milingoti hairudi. Ni ninyi mliohama. Kilicho mbali huonekana kukufuata, kilicho karibu huonekana kurudi.

Sasa badala ya basi weka kichwa cha mashine. Picha ya kwanza hupigwa kikielekea sawasawa kwenye jino la mbele lililo jirani na chonge iliyojificha. Picha ya pili hupigwa kichwa cha mashine kimesogezwa kuelekea magego. Filamu iko pale pale, mgonjwa yuko pale pale. Kisha picha mbili huwekwa pamoja, na chonge hulinganishwa na mzizi wa jirani yake.

Chonge ikionekana imesogea kuelekea magego, yaani imeifuata mashine, basi iko mbali na mashine: iko upande wa kaakaa. Ikionekana imesogea kinyume, kuelekea katikati ya mdomo, basi iko karibu na mashine: iko upande wa nje. Isiposogea kabisa, iko katika mstari mmoja na mzizi wa jirani. Shikeni neno hili: lililo ndani hufuata, lililo nje hurudi.

Waweza pia kusogeza kwenda juu badala ya pembeni. Ile picha ndefu ya mashine inayozunguka kichwa hupigwa miale ikiwa karibu kulala, tena ikitoka chini kidogo. Picha ya kuuma ya taya la juu hupigwa kutoka juu sana. Ni kama kichwa cha mashine kimepanda kutoka shavuni hadi puani. Chonge ikionekana imepanda kuliko mzizi wa jirani, imeifuata mashine, basi iko kaakaani. Kwa hiyo mgonjwa aliyekwisha kupigwa picha ndefu huenda akahitaji picha ya kuuma moja tu.

Katika njia hii liko kosa moja kubwa: kusahau kuandika kichwa cha mashine kilihamishwa kwenda wapi. Picha mbili zisizo na maandishi zaweza kusomwa kinyume, na daktari akapasua upande usiofaa akiamini ana ushahidi. Mfanya kazi anayeandika kwenye kadi "ya pili, kuelekea magego" amefanya kazi ya kitaalamu kamili. Kadhalika ile alama ndogo iliyoinuka kwenye filamu huelekezwa upande wa mashine. Anayesema huyu "anabonyeza swichi tu" haijui kazi hiyo.

4. WALIOLIPA KWA MIKONO YAO

Ndugu zangu, elimu hii haikuja bure. Eksirei iligunduliwa na Röntgen huko Ujerumani tarehe 8 Novemba 1895. Mwezi wa Januari 1896 Otto Walkhoff, Mjerumani, alijipiga picha ya meno yake mwenyewe. Alikaa mbele ya miale dakika 25. Leo kazi hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde.

Huko Marekani, Edison alikuwa na msaidizi aitwaye Clarence Dally, mtu aliyekuwa fundi wa kupuliza vioo. Kazi yake ilikuwa kujaribu mashine za eksirei, na kila mara aliweka mkono wake katika miale ili aone kama zinafanya kazi. Mikono ikaungua, vidonda vikageuka kansa, ikakatwa. Alikufa mwaka 1904 akiwa bado hajafika miaka 40. Edison akaacha kazi ya eksirei. Lakini angalieni nani aliyekufa: msaidizi.

Huko New Orleans alikuwapo daktari wa meno, C. Edmund Kells, mmoja wa watu wa kwanza katika nchi ile kutumia eksirei kwa meno tangu mwaka 1896. Kwa miaka mingi aliweka mkono wake katika miale ili kurekebisha mashine. Alipoteza vidole, kisha mkono. Akafa mwaka 1928 katika mateso, kwa mkono wake mwenyewe.

Sikusudii kuwatisha wagonjwa. Picha moja ndogo ya jino kwa mashine nzuri ya leo humpa mgonjwa miale michache sana, kadiri ya ile anayoipata kwa siku moja hivi kutoka ardhini na angani. Mgonjwa hupigwa mara moja, akaenda zake. Mfanya kazi yuko pale kila siku, na kidole kilicho ndani ya mwali chapokea nguvu yake yote, mgonjwa baada ya mgonjwa. Kidogo kidogo hujaza kibaba. Hiyo ndiyo tofauti, na hapo ndipo kazi ya chama inapoanza.

5. TUNAYOYATAKA

La kwanza. Mfanya kazi asishike filamu mdomoni mwa mgonjwa, wala asishike kichwa cha mashine wakati wa kupiga. Viko vishikio vya filamu, na bei yake ni ndogo. Picha ya kuuma haihitaji mkono wa mtu yeyote, kwa kuwa meno ya mgonjwa ndiyo kishikio.

La pili. Mtoto akihitaji kushikwa, ashikwe na mzazi au jamaa aliyevikwa vazi la risasi, mikono yake ikiwa nje ya mwali. Ile desturi ya kumwita mfagiaji au tarishi, "Njoo umshike huyu dakika moja," ikome. Mfagiaji ana kazi yake. Hakuandikwa awe ukuta wa miale.

La tatu. Asimame nyuma ya ukuta wa kinga. Ikiwa hakuna, asimame mbali si chini ya mita 2, pembeni au nyuma kidogo ya mwali, asiwe mbele yake. Umbali ni kinga isiyonunuliwa: ukienda mbali mara mbili, miale inayokufikia hubaki robo.

La nne. Kila anayefanya kazi hiyo kwa kawaida apewe beji ya kupimia miale, na aonyeshwe hesabu yake. Kipimo cha juu kwa mfanya kazi ni milisiveti 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na usipite 50 katika mwaka mmoja wowote. Beji inayofungiwa mezani kwa bwana mkubwa haimlindi mtu.

La tano. Picha zipigwe kwa kusudi. Mbili zilizopangwa, moja ya kawaida na moja ya kuhamisha au ya kuuma, ni bora kuliko tano za kubahatisha. Haraka haraka haina baraka: picha iliyoharibika kwa kukimbizana na foleni hurudiwa, na kila inaporudiwa ni miale tena kwa wote. Kwa hiyo idadi ya wafanya kazi katika chumba cha picha ni jambo la usalama, wala si la gharama tu.

La sita. Wanapotaka kununua vyombo, watuulize. Mahali pengi filamu zimeachwa, zatumika vyombo vya kompyuta. Kile chombo kigumu chenye waya kwa kawaida ni kidogo, hakifiki ukubwa wa picha ya kuuma. Vibao vya fosfori hupatikana kwa ukubwa huo. Zahanati ikinunua bila kuuliza, hujikuta imeipoteza njia nzima ya kazi.

Sheria iko upande wetu. Ipo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Yasema pia kwamba mfanya kazi akitoa taarifa ya hatari kubwa, tajiri asimlazimishe kurudi mahali pale wakati hatari ingalipo. Ipo na Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya mwaka 2019, ambayo inasimamia mashine za eksirei. Lakini sheria ni kama jembe: lisiposhikwa halilimi. Taarifa iandikwe, iwe na tarehe, na nakala yake ije ofisini kwa chama.



MASWALI NA MAJIBU

Swali: Sasa kuna mashine inayozunguka na kutoa picha ya pande zote tatu. Kwa nini tusumbuke na njia hizi za zamani?

Jibu: Mashine hiyo ni nzuri, na kwa chonge iliyokaa vibaya au karibu na mizizi mingine yaweza kuhitajika. Lakini miale yake kwa kawaida ni mingi kuliko ya picha ndogo mbili, bei yake ni kubwa, na haiko kila mahali. Anza na njia ndogo. Ikijibu swali, umemaliza. Isipojibu, ndipo uende kwenye kubwa.

Swali: Mimi ni mja mzito na nafanya kazi chumba cha picha. Nifanye nini?

Jibu: Mama, mjulishe mkubwa wa kazi mapema, kwa maandishi. Kipimo kinachotumika kwa mtoto aliye tumboni ni milisiveti 1 kwa muda wote uliosalia wa mimba. Mkifuata umbali na ukuta, kazi ya meno mara nyingi haifiki huko, lakini beji ndiyo isemayo kweli, wala si maneno ya mtu. Na mama mja mzito aliyekuja kama mgonjwa aseme hali yake. Picha isiyo ya haraka yaweza kungoja. Iliyo ya lazima kwa ugonjwa mkali si ya kuogopwa.

Swali: Tumesikia kwamba Marekani wameacha kuwavika wagonjwa vazi la risasi. Je, tuyatupe ya kwetu?

Jibu: La. Ni kweli kwamba chama cha madaktari wa meno cha Marekani kilitoa shauri hilo mwezi wa Februari 1924 plus 100, yaani mwaka 2024, kwa kuwa mwali wa mashine za leo umebanwa vizuri, na vazi likikaa vibaya huziba picha ikabidi irudiwe. Lakini lile ni shauri juu ya mgonjwa, na kwa mashine zilizobanwa hivyo. Hapa kwetu fuateni kanuni za nchi na za msimamizi wa kinga ya miale. Na tajiri asije akalichukua neno hilo akalitumia kumnyima mfanya kazi kinga yake.

Swali: Mgonjwa wa kawaida aulize nini kabla ya kupasuliwa?

Jibu: Aulize maneno mawili tu. "Jino langu liko ndani au nje?" Na akijibiwa, aulize, "Mmejuaje?" Daktari mwema hatakasirika. Atamwonyesha picha mbili, na kumweleza ni lipi lililofuata na lipi lililorudi.